Mkononi, Shingoni, Kiunoni au Kichwani: Tochi Yako Uibebe Wapi?

Uganda imekaa juu ya ikweta, kwa hiyo jua letu huzama karibu saa 1 jioni mwaka mzima, na dakika chache baadaye giza limeshafunga. Kila siku tuna takribani saa 12 za usiku, na kazi nyingi hazingoji alfajiri. Ng'ombe hukamuliwa kabla hakujapambazuka. Mvuvi wa mukene, wale dagaa wa ziwani, yuko majini. Mama anamsindikiza mtoto kwenye choo cha nje. Mkunga wa kituo cha afya kijijini anapokea mtoto huku umeme umekatika, na mara nyingi taa iliyobaki ni ya simu aliyoibana kwa meno.

Tochi ikionekana haitoshi, wengi wetu hukimbilia dukani kununua yenye mwanga mkali zaidi. Mimi naamini kinachosumbua zaidi ni mahali tochi inapokaa mwilini. Tochi ileile ya bei ndogo ikitoka kiganjani ikaenda kiunoni au kichwani, inakuonyesha vitu vingine kabisa na inakuachia mikono kwa namna nyingine kabisa. Vifaa vya kuihamisha viko karibu: tyubu kuukuu kwa fundi wa baiskeli, lastiki kwa fundi cherehani, kamba ya kiatu, sindano na uzi. Gharama yake yote mara nyingi haizidi bei ya rolex, ile chapati ya mayai ya kando ya barabara.

Hapa nalinganisha njia nne za kuibeba tochi ambazo mtu anaweza kujitengenezea nyumbani, na ya tano, ya baiskeli, nitaigusa kwa ufupi.

Mambo ya kupima kabla hujakata tyubu

La kwanza ni mikono. Jiulize kazi yako ya usiku inahitaji mkono mmoja au yote miwili, na kama kichwani au mgongoni utakuwa na mzigo.

La pili ni pale mwanga unapoangukia, na hili ndilo watu hulisahau zaidi. Mwanga unaotoka karibu na macho na mwanga unaotoka chini ya kiuno havionyeshi njia kwa namna moja, hata kama tochi ni ileile.

La tatu ni uzito. Betri moja kubwa ya aina ya D ina karibu gramu 140, kwa hiyo tochi ya betri mbili za hivyo imeshafika gramu 280 kabla hujahesabu mwili wake. Betri ndogo ya AA ina karibu gramu 23, na ya AAA karibu nusu yake. Ile ya kuchaji iitwayo 18650, ambayo namba yake imetokana na upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65, ina kama gramu 45 hivi. Zile tochi za plastiki zinazochomekwa ukutani zenye betri ya madini ya risasi ndani ni nzito kuliko zinavyoonekana. Pima yako kwenye mizani ya muuza nyanya ikiwa huna hakika.

La nne ni hatari: kamba kunaswa, mwanga kumpofusha mwenzako, tochi kupata joto. La tano ni kazi ya kutengeneza, yaani vifaa, ufundi na muda.

Jambo moja linahusu njia zote: usitoboe mwili wa tochi. Tundu dogo la kupitishia kamba linaingiza maji, na kama ndani kuna betri ya lithiamu, msumari au keekee ikiigusa inaweza kuwaka moto. Funga kwa nje tu.

Mkononi, kwa kitanzi cha kifundo

Kutengeneza ni rahisi kuliko zote. Chukua kamba ya kiatu au uzi mnene wa nailoni wenye urefu wa sentimita 40 hivi, ukunje katikati, na ufunge ncha zake kwenye tundu la nyuma la tochi. Kama tochi haina tundu, kata pete mbili za tyubu ya baiskeli zenye upana wa sentimita 2, zivishe zikibana shina la tochi, kisha pitisha kamba chini ya pete ya kwanza na uifunge fundo nene kabla ya pete ya pili ili isichomoke. Ukitumbukiza kifungo kikubwa cha koti kwenye kamba hiyo, kikiwa na matundu mawili ya kupitia, kitateleza na kubana kitanzi kwenye kifundo cha mkono.

Mikono: unapoteza mmoja. Hakuna namna ya kulizunguka hilo, ingawa kitanzi kinakuwezesha kuiachia tochi ining'inie ukafungua mlango au kuhesabu pesa bila kuiweka chini.

Mwanga: hapa ndipo mkono unapozishinda njia nyingine. Unaielekeza juu ya mti, nyuma ya ghala, chini ya kitanda, bila kugeuza mwili. Unaweza kuishusha hadi usawa wa goti, na hapo kila jiwe na kila shimo kinatoa kivuli kirefu. Kwa kumtafuta nyoka kwenye majani mafupi, mwanga wa chini unaopita sambamba na ardhi unafaa kuliko mkali unaotoka juu.

Uzito: mkono unabeba hata tochi ya betri kubwa, ila kwa kifundo kikiwa wazi na kamba nyembamba, gramu 400 zitaanza kukata ngozi. Tumia kitambaa kipana au utepe wa begi.

Hatari: chache. Kubwa ni tochi kuanguka mahali isipotoka, kama chooni au ziwani, na kitanzi kimekusudiwa hilo hasa. Kwa watu wa mitumbwi wa Ggaba, Masese au Katwe ya Kasese, ongeza chupa tupu ya nusu lita iliyofungwa kifuniko barabara. Chupa hiyo peke yake inaweza kuinua karibu nusu kilo majini, kwa hiyo tochi nyingi zitaelea. Ijaribu kwanza kwenye beseni. Kuelea ni jambo moja na kuzuia maji kuingia ni jingine, lakini tochi inayoelea angalau unaiokota na kuikausha.

Inawafaa walinzi, wanaokagua mifugo, na yeyote ambaye kazi yake ni kutafuta na kuangalia.

Shingoni, kwa kamba

Wengi huanzia hapa kwa sababu kamba za vitambulisho zimejaa kila nyumba. Ukitengeneza mwenyewe, kata kamba itakayoifikisha tochi kwenye mfupa wa kifua. Ikishuka hadi tumboni inabembea kila unapopiga hatua, na vivuli vinacheza mpaka macho yanachoka. Dawa ya kubembea ni pete nyembamba ya tyubu iliyopitishwa kwenye tundu la kifungo cha shati na kuizungushia tochi.

Sasa niseme kwa msisitizo kuhusu hatari, maana hapa ni kubwa kuliko njia nyingine zote. Kamba ya shingo isiyokatika ni kitanzi cha kunyonga. Usikae nayo karibu na mkanda wa mashine ya kusaga posho, karibu na mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, wala ukiinama kwenye mnyororo wa pikipiki injini ikiwa inanguruma. Mtoto mdogo asivalishwe kabisa, hasa akienda kulala. Mtu mzima anayeitaka aweke kiungo dhaifu: kata kamba nyuma ya shingo, kisha unganisha ncha mbili kwa uzi wa pamba wa kushonea uliozungushwa mara chache. Halafu jaribu. Shika kamba kwa mikono miwili, vuta kwa nguvu ya ghafla. Ikikatika ni nzuri, funga tena vilevile. Ikikataa, punguza nyuzi.

Mikono yote iko huru, na tochi ipo tayari sekunde yoyote. Mwanga unaangukia miguuni na mbele ya kifua, mviringo mdogo unaotosha kuonyesha sufuria, chupa za dawa, kurasa za daftari, au ngazi za nyumba ya kupanga. Njia ya mbele hauifikii. Ukiinama, tochi inaachana na kifua na kuning'inia mbele yako, ikigusa chochote ulichoinamia. Kwa sababu hiyo haimfai mkunga wala anayefunga kidonda. Kamba inayogusa kila kitu inabeba uchafu.

Uzito uwe mdogo: betri moja ya AA au mbili za AAA. Tochi ya betri kubwa shingoni itakuumiza kabla usiku haujafika katikati.

Inawafaa wapishi, wenye maduka, wanafunzi wa bweni na yeyote anayewasha na kuzima mara nyingi katika eneo dogo.

Kiunoni, kwa mfuko wa tyubu

Tyubu ya pikipiki tayari ni bomba, na ndiyo maana inafaa mno kwa kazi hii. Kata kipande kifupi kuliko tochi kwa sentimita 3 ili kichwa kitokeze. Safisha ule unga mweupe wa ndani kwa sabuni. Upande wa nyuma, pasua mistari miwili ya wima inayotosha mkanda wako kupita. Ncha ya chini ishone kwa uzi wa fundi viatu, lakini acha upenyo mdogo katikati ili maji ya mvua yatoke. Fundi viatu akikutengenezea kwa ngozi utapata kitu kizuri zaidi kwa macho, ila ngozi ikilowa hukawia kukauka na kuacha kutu kwenye tochi ya chuma.

Huo ni mfuko wa kuhifadhi. Wa pili ni wa kuangazia: kipande kifupi cha tyubu kilichoshonwa kwa upande juu ya kipande kipana cha mpira, kiasi kwamba tochi inalala na kutazama mbele ukiwa unatembea. Weka upande wa mkono usioutumia sana. Kwa mama aliyevaa gomesi, mshipi wake mpana unafanya kazi ya mkanda bila kushona kitu. Kunja pindo moja, ingiza tochi, bana kwa pini kubwa.

Mikono ni huru, na kichwa pia. Hilo la kichwa lina uzito kwetu. Anayebeba jerikani ya lita 20, ndizi au kuni kichwani hawezi kuvaa tochi ya kichwani hata iwe ya bei gani. Mwenye mtoto mgongoni anahitaji mikono ya kumshika. Kwa hawa, kiuno ndiyo sehemu iliyobaki, na bahati nzuri ni sehemu yenye mwanga bora wa kutembelea.

Kwa nini bora? Macho yako yako juu, mwanga unatoka chini. Kila kitu kilichoinuka njiani kinatupa kivuli unachokiona waziwazi, na shimo linaonekana kama shimo. Katika ukungu wa Kabale na Kisoro, au mvua kubwa, tofauti inakuwa kubwa zaidi: matone ya maji hewani huurudisha mwanga kule ulikotoka, na ukitoka karibu na macho unaona ukuta mweupe tu. Ukitoka kiunoni, sehemu kubwa ya mwanga uliorudi haikuingii machoni. Madereva wanaijua sheria hii, ndiyo sababu taa za ukungu za gari hufungwa chini.

Ubaya wake ni kwamba mwanga unafuata nyonga. Ukigeuza shingo kutazama pembeni, mwanga unabaki mbele, na ukipanda ngazi au mlima unapanda na kushuka kwa kila hatua. Kwa kazi ya mikono iliyo juu ya kifua, kama kufunga balbu au kuchuma matunda, haukusaidii chochote. Na ukikaa kwenye boda, tochi inakuchoma mbavuni.

Uzito si tatizo. Hata betri mbili za D mkanda imara unazibeba. Hatari ni moja: tochi kujiwasha ndani ya mfuko. Zile za alumini zenye taa kali hupata joto, na mpira unalizuia joto lisitoke. Kama hutumii, legeza kifuniko cha nyuma robo ya mzunguko. Kwa tochi nyingi za alumini hilo hukata umeme. Kwa za plastiki, geuza betri moja. Kwenye mfuko wa kuangazia, hakikisha tyubu inashika shina na kuacha kichwa wazi.

Inawafaa watembeao mbali, wabeba mizigo, wachungaji, na mafundi wanaotaka tochi iwepo bila kuifikiria.

Kichwani, kwa mkanda wa lastiki

Taa za kichwani za kununua zipo Kikuubo, soko la Kampala, na karibu kila mji, na nyingine ni nzuri. Lakini ukiwa tayari una tochi ndogo nyembamba, huna haja ya kununua nyingine. Pima kichwa chako kwa uzi usawa wa paji la uso, toa sentimita 4 au 5, na ukate lastiki ya upana wa sentimita 2.5 hivi kwa urefu huo. Ishone iwe duara. Kisha shona kipande kifupi cha lastiki juu yake, pembeni kidogo ya paji, juu ya sikio, kikiwa kimeacha handaki la kubana tochi. Tochi iliyonyooka haiwezi kutazama mbele ikiwa katikati ya paji. Mahali pake ni ubavuni mwa kichwa, ikilala sambamba na sikio na kuchungulia mbele. Ikiwa bado inainamia upande mmoja, ongeza mkanda wa pili unaopita utosini.

Wengine hutumia tyubu badala ya lastiki. Inashika vizuri, lakini inavuta nywele na kutoa jasho, kwa hiyo weka kitambaa cha kitenge ndani yake. Mwenye kofia anaweza kushona handaki hilo kwenye kofia yenyewe, na mwenye kilemba anaweza kuipachika kwenye mkunjo wa pembeni.

Kwa mikono hakuna njia inayoishinda hii. Mwanga unakwenda unakotazama, umbali wowote wa mkono. Mkunga, fundi wa pikipiki, anayeshona, anayekamua, anayemsaidia ng'ombe kuzaa, wote hao mikono yao miwili iko kazini na macho yao yako kwenye sehemu moja. Hapa tochi ya shilingi chache yenye mkanda wa lastiki inaipita tochi kubwa inayoshikwa na mtu wa pili aliyechoka.

Kwa kutembea, hata hivyo, ina kasoro ambayo haitajwi vya kutosha. Mwanga ukitoka karibu na macho, vivuli hujificha nyuma ya vitu vyenyewe. Njia yenye mashimo inaonekana tambarare, na mguu unagundua ukweli kabla ya jicho. Kwenye ukungu ni kama nilivyoeleza. Kisha kuna wadudu: karibu na ziwa, pale Entebbe na visiwani, mawingu ya visubi wa ziwani hufuata mwanga, na ukiwa nao usoni unawavuta puani. Msimu wa nsenene, wale panzi wa kuliwa, kule Masaka, Novemba au Aprili na Mei, utapata panzi usoni kabla hujapata kwenye pipa la kuwategea.

Uzito uwe chini ya gramu 80 pamoja na betri. Zaidi ya hapo mkanda unateleza au shingo inauma. Tochi yenye betri moja ya AA inafaa sana. Yenye 18650 inawezekana ikiwa mwili wake ni mdogo na umeweka mkanda wa utosini, lakini usiwashe kiwango cha juu muda mrefu, maana kichwa cha tochi kinachopata moto kiko sentimita chache kutoka ngozi yako.

Hatari nyingine ni ya wenzako. Kila unayemtazama usoni unampofusha. Jizoeze kuinamisha kidevu au kufunika taa kwa kiganja mtu anapokuja.

Na kwenye baiskeli

Hii ni fupi. Kata mkanda wa tyubu wa upana wa sentimita 2 na urefu wa sentimita 50. Weka kipande cha mpira au kandambili kuukuu kati ya tochi na usukani, kisha zungusha mkanda kwa umbo la msalaba mara kadhaa ukiuvuta, na uingize ncha chini ya mzunguko wa mwisho. Ielekeze chini, mwanga wake mkali uguse barabara mita 5 hadi 8 mbele yako, usiende kwenye macho ya anayekuja. Inamfaa mwenye baiskeli tu. Kwa boda haiwezi kuchukua nafasi ya taa ya mbele iliyokufa.

Nyongeza ndogo zinazokwenda na njia yoyote

Pete moja nene ya tyubu karibu na kichwa cha tochi, iliyokatwa kwa pembe badala ya duara, inaizuia kubingirika mezani na kuipa mkono mshiko wakati wa mvua. Utepe mweupe au wa kung'aa kwenye mkia unakusaidia kuiona gizani kwa mwanga mdogo wa dirishani.

Karatasi nyekundu ya plastiki inayopitisha mwanga, kama zile za kufungia peremende, ikibanwa mbele ya kioo kwa pete ya tyubu inakupa mwanga mwekundu. Macho huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza kikamilifu, na mwanga mweupe huliharibu zoea hilo papo hapo. Mwekundu hafifu hauliharibu sana. Ni msaada kwa anayenyonyesha usiku, kwa mlinzi, na kwa walio mtumbwini wanaohitaji kuona ufuo kwa mbali.

Ukitaka kuangaza chumba kizima, simamisha tochi ikitazama juu na uifunike kwa jerikani nyeupe ya lita 3 iliyokatwa shingo. Plastiki ile ya rangi ya maziwa inautawanya mwanga pande zote, na vivuli vikali vinaisha. Jerikani ya njano ya mafuta ya kupikia inatoa mwanga wa joto zaidi, mzuri kwa chakula cha jioni. Tumia kwa taa za LED pekee. Balbu ya zamani ya waya huchoma plastiki.

Kwa hali yako

Ukitembea usiku kwenye njia ya mawe au matope, anza na kiuno. Kama njia hiyo ina nyoka au mbwa wakali, ongeza kitanzi cha mkono kwenye tochi hiyohiyo ili uichomoe na kuielekeza.

Ukifanya kazi ya mikono miwili mahali pamoja, chagua kichwa. Ikiwa mahali hapo ni ufukweni penye wadudu wengi, iondoe kichwani na uifunge kwenye nguzo au dirisha umbali wa mita moja. Wadudu wataifuata huko.

Ukiwa jikoni, dukani au bwenini, shingo inatosha, kwa sharti la kiungo dhaifu. Karibu na mashine yoyote inayozunguka, badilisha iwe kiuno.

Ukibeba mzigo kichwani au mtoto mgongoni, ni kiuno, na tochi iwe ya kuangazia mbele, isiwe ya kuhifadhi tu.

Ukiwa ziwani, kitanzi cha mkono na chupa ya kuelea kwanza, mengine baadaye.

Ukipanda Rwenzori, ambako safari ya kufika kilele cha Margherita chenye mita 5,109 huanza usiku wa manane, utahitaji kichwa kwa sababu mikono inashika kamba na mwamba. Baridi ya huko hupunguza nguvu ya betri, kwa hiyo za akiba zikae mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili. Kwenye ukungu wa mabondeni, ishushe kiunoni.

Na kama nyumba nzima ina tochi moja, hakuna haja ya kuchagua. Kitanzi cha mkono kikae juu yake siku zote. Tengeneza mkanda wa kichwa na mfuko wa kiuno kwa kipimo cha shina lake, uvitundike kwenye msumari mmoja karibu na mlango, na kila anayetoka achukue kinachofaa kazi yake. Ukinunua tochi nyingine siku za mbele, nenda dukani na ule mfuko wa tyubu ujaribu kabla hujalipa.